Mwaka Gikunda Alipoingia Jikoni

Marehemu Gikunda alikuwa mume wa Lydiah kwa miaka mingi, lakini kukaa nyumbani kwake alikaa mwaka mmoja tu, na hata huo haukutimia. Ni ule mwaka wa korona. Miaka mingine yote alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Nairobi, na nyumbani alikuja Krismasi ikishapita, wageni wa hoteli wakishapungua, na mkate na sukari kwenye mkoba, akipokewa kama askofu. Siku chache baadaye anaondoka, na boma linarudi kuwa la Lydiah.

Na lilikuwa lake kweli. Kwenye ule mgongo wa kilima juu ya Nkubu, huko Meru, hakuna aliyelitilia shaka hilo. Yeye ndiye aliyepogoa kahawa, akakama ng'ombe, akauza ndizi sokoni. Yeye ndiye aliyebeba watoto mgongoni kwenda hospitali wakiwaka homa. Jioni yeye ndiye aliyefungua Biblia. Alizaliwa Gachoka, kule Mbeere kwenye jua na mawe, akaolewa huku kwenye ukungu ambako hakuna aliyemjua, na Mungu akampa watoto wawili wa kumfanya awe mtu wa hapa: Kithinji wa darasa la sita, na Kendi, aliyekuwa bado chekechea. Walikuwa wake kama vidole vya mkono wake. Hakuwahi kufikiria kwamba kidole kinaweza kumhama mtu.

Basi ugonjwa ukaja, shule zikafungwa, makanisa yakafungwa, hoteli ikawaambia wapishi waende kwao wasubiri kuitwa. Gikunda aliwahi kutoka Nairobi kabla njia hazijazibwa. Lydiah hakumruhusu kuingia nyumbani. Alimtandikia godoro ghalani, kwenye harufu ya magunia ya kahawa, na kila mlo alimwekea sahani juu ya kigogo uani, akarudi nyuma, ndipo Gikunda akatoka kuichukua.

"Mama Kithinji, githeri hii umeitia nini?" angepaza sauti kutoka ghalani.

"Chumvi, Baba Kithinji. Na njaa yako."

Watoto wakacheka. Hizo zilikuwa siku njema. Mume alikuwa karibu, na bado mbali kidogo. Alikula alichopewa na kukisifu.

Kisha alitoka ghalani, mzima, na asubuhi iliyofuata Lydiah akarudi kutoka kukama akamkuta jikoni, amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza moto.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Jiko la Lydiah lilikuwa banda la mabanzi nyuma ya nyumba, mafiga matatu, na juu yake itara, lile dari la fito ambalo moshi hupita ukikausha kuni na kila kitu kilichowekwa huko. Baba yake Gikunda alizeeka bila kuvuka kizingiti cha jikoni. Mwanamume wa mgongo ule akitaka maji ya moto huita akiwa nje.

"Unatafuta nini humu?" Lydiah aliuliza.

"Kazi," Gikunda akasema. "Mikono inaniwasha. Kaa, leo nikupikie."

Alipika chapati zilizofunguka tabaka tabaka kama kurasa. Watoto walikula wakisahau kupumua. Siku ya pili akapika viazi vya bizari. Siku ya tatu akapigilia misumari ukutani akatundika miiko kwa urefu wake, akahamisha kisu, akahamisha chumvi, na Lydiah alipoingia kutafuta chumvi ilibidi aulize. Kuuliza chumvi ilipo katika jiko lake mwenyewe! Alimuuliza Kendi, maana hakutaka kumuuliza yeye, na Kendi akaielekeza bila hata kuinua kichwa, kama mwenyeji anayemwelekeza mgeni.

Majirani walicheka, wamesimama mbali kwenye ua na barakoa kidevuni. Mithika, wa shamba la chini, aliita kila alipopita: "Gikunda! Tukuite mama nani sasa?"

"Niite shefu," Gikunda akajibu, "na ukija kula uje umenawa."

Neno hilo likashika. Kithinji akaanza kumwita baba yake shefu. Yeye mtoto aliyekuwa akimfuata Lydiah shambani, sasa alikaa jikoni akikatakata vitunguu vidogo kama mchele, akijisifu. "Mama, wewe unakata vikubwa. Shefu anasema kitunguu kikubwa kinakaa peke yake kwenye sufuria."

"Vimewakuza hivyo hivyo vikubwa," Lydiah alisema, akaenda kwa ng'ombe.

Alimweleza rafiki yake Cicily habari hizo kwenye mtaro wa maji, akitegemea kuhurumiwa. Cicily akatua mtungi chini.

"Mwenzangu, mwaka huu wengine waume zetu wamekaa nyumbani na tunapigwa. Wewe unapikiwa, na bado umenuna?"

Lydiah akajitwika mtungi wake. Angesemaje? Kwamba chakula kile kilikuwa kitamu, na utamu wenyewe ndio uliomchoma? Alikuwa akingoja wote watoke, afunue sufuria, atie kidole kwenye mabaki na kukilamba, akitafuta kasoro. Hakuipata. Angepata hata chumvi kuzidi angelala vizuri.

Hata Jumapili haikumsaza. Kanisa likiwa limefungwa, walisali sebuleni, viti vimepangwa, Lydiah na kitambaa chake cheupe kichwani kama siku za ushirika wa akina mama. Alikuwa mwombaji mrefu. Aliwataja wagonjwa, wajane, serikali, mvua. Jumapili moja Kendi akasema, "Leo aombe Baba." Gikunda akafunga macho, akamshukuru Mungu kwa kuwaweka pamoja, akasema amina. Watoto wakaitika kwa furaha, chai ikiwa bado moto. Lydiah alikaa ameinamisha kichwa muda mrefu baada ya wengine kuinua. Walidhani bado anaomba. Alikuwa akimwambia Mungu, kwa maneno asiyoweza kuyasema mbele ya mchungaji yeyote, amrudishe mwanamume huyu alikomtoa.

Maana alikuwa ameanza vita vidogo. Chakula kikiwa tayari, aliwatuma watoto kuni. Siku Gikunda alipoahidi maandazi, unga uliisha ghafla. Ulikuwa chini ya kitanda. Gikunda hakugombana. Alitafuta kingine cha kupika, na hilo nalo lilimuudhi.

Mwezi wa tisa mambo yalikuwa yamekauka. Ndizi hazikuwa na mnunuzi, hoteli haikuwa imeita, na kila boma lilikuwa likitazama mbingu likingoja mvua za vuli. Mchana mmoja Lydiah alirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akafika mlango wa jiko, akamwona Gikunda amepanda juu ya kigoda, mikono iko kwenye itara, anashusha kibuyu.

Kila aliyelelewa jikoni katika nchi hii anakijua kibuyu kile. Kimepakwa moshi mpaka kikang'aa, ndani mna majivu, na mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi. Kilichozibwa kwa kitambaa ni chakula. Kilichozibwa kwa gunzi ni mbegu, hakiguswi mpaka mvua inyeshe, hata watu walale njaa. Lakini Gikunda alitoka jikoni kwa mama yake akiwa mtoto, akafukuzwa kama wavulana wote wanavyofukuzwa, na jiko lingine alilolijua lilikuwa la gesi na vigae vyeupe. Alichomoa gunzi akalitupa motoni.

Zilikuwa njahi, yale maharagwe meusi, za mama yake Lydiah. Mama huyo alizituma kutoka Gachoka Kithinji alipozaliwa, maana mzazi hulishwa njahi ili maziwa yashuke; Lydiah akala nusu, nusu akapanda, na kila mwaka akachagua zile nyeusi zilizojaa, akazirudisha kwenye itara. Mama alikwisha kufariki. Kwa Lydiah, kila njahi zilipochanua kando ya ua ni kama mama amekuja kumtembelea.

Alifungua mdomo aseme, "Usiguse!"

Hapo hapo Kendi, aliyekaa karibu na mafiga, akasema, "Baba, ukae tu hapa. Chakula chako ni kitamu kushinda cha Mama."

Lydiah akafunga mdomo.

Alisimama pale, majani yakimdondokea mabegani, akatazama njahi zikimiminwa kwenye sufuria, majivu yakioshwa, maji yakigeuka rangi ya kijivu. Aache apike, alijiambia. Mvua itakuja. Siku hiyo watoto watauliza mbegu ziko wapi, na wataona shefu wao ni mtu wa aina gani, mtu asiyeijua nyumba anamolala. Kendi aligeuka akamwona mlangoni. Lydiah akaondoka kimya kwenda zizini.

Jioni Gikunda alipakua njahi zilizopikwa kwa nyanya na nazi. "Hizi zina harufu ya moshi," alisema kwa mshangao. "Pale hotelini watu wangelipa kwa hii." Lydiah alikula sahani yake yote. Alitafuna pole pole, akimtafuna mama yake, na hakulia.

Tangu siku hiyo aliingoja mvua kuliko mkulima yeyote wa Meru. Kila wingu lililotua juu ya Mlima Kenya lilimpa furaha ambayo hakuthubutu kuitaja kwa jina.

Ikaja katikati ya Oktoba, mchana, kwa kishindo, na asubuhi ardhi ilikuwa nyeusi na laini. Wote wakatoka na majembe, hata Gikunda na suruali yake ya mjini imekunjwa. Mahindi yakapandwa. Walipofika kando ya ua, Kithinji akasimama.

"Mama, kibuyu cha njahi nikilete?"

"Muulize baba yako," Lydiah akasema. Sauti yake ilikuwa laini kama siagi. "Yeye ndiye aliyezipika."

Gikunda akashusha jembe. "Nilipika nini?"

"Mbegu, Baba Kithinji. Za marehemu mama yangu. Zile za kibuyu cha itara. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua gunzi ni mbegu. Lakini shefu hajui."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo kwa wiki nyingi. Aligeuka kuwatazama watoto, avune. Kithinji alikuwa ameinamisha macho, amemwonea baba yake aibu kweli. Lakini Kendi alikunja uso kama mtu anayefanya hesabu ngumu.

"Lakini Mama," akasema, "si ulikuwa umesimama mlangoni? Si ulimwona akizitoa? Mbona hukumwambia?"

Kendi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona amesema jambo kubwa, akaanza kulia. Kithinji akamshika mkono, akampeleka nyumbani bila kutumwa.

"Uliniona?" Gikunda aliuliza.

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Njahi za mama yako, Lydiah." Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Kithinji azaliwe.

Hapo yakamtoka. "Wewe hujui! Hujui ilivyo kukaa nao miaka yote hiyo, kwa homa, kwa njaa, kwa karo, halafu mtu anakuja na bizari! Kwa wiki moja unakuwa baba, shefu, mchungaji. Mimi nimebaki nini? Mkata majani?"

Gikunda alitazama ardhi ile iliyochimbwa ikabaki bila mbegu. "Mimi nimepika arusi za watoto wa watu," akasema polepole. "Nimepika siku zao za kuzaliwa, keki na kila kitu. Siwajui majina. Na huyu Kendi, mpaka mwaka huu sikujua kwamba hali mayai. Nilikuwa namwekea, anakula kwa heshima, anaenda kutapika nyuma ya choo. Kithinji ndiye aliyeniambia. Unafikiri nilikuwa nakunyang'anya? Nilikuwa naharakisha. Simu inaweza kulia siku yoyote."

Lydiah alitaka kusema pole. Badala yake akaokota jembe, maana hata pale, amejaa tope, ameumbuliwa na mtoto, jambo lililomchoma zaidi ni kwamba Kithinji alijua siri ya mayai akampa baba yake.

Alipanda maharagwe ya kawaida mahali pa njahi. Usiku ule Gikunda ndiye aliyemtaka aongoze sala, naye akaomba kwa ufupi, kwa sababu hakujua amwambie Mungu nini.

Novemba simu ya hoteli ikalia. Gikunda aliondoka asubuhi, na Lydiah akarudisha chumvi mahali pake na kisu mahali pake. Miiko akaiacha kwenye misumari. Watoto walikula githeri yake bila kulalamika. Walikuwa wake tena, wote wawili.

Jumamosi moja Lydiah akampigia Gikunda simu, kelele za sahani zikisikika nyuma ya mumewe.

"Leo tuna arusi," Gikunda akasema kwa haraka. "Tunapika tangu alfajiri."

"Ya nani?"

"Sijui, Mama Kithinji. Watu tu. Ngoja, naitwa."

Lydiah alibaki ameishika simu. Aliwaona akilini wamekaa kwenye meza ndefu zenye vitambaa, watu wasiojua kama mpishi wao ana mke Nkubu, wakitia midomoni chakula cha mkono wa mumewe huku wanazungumza mambo mengine, wengine wakiacha nusu sahani. Zile siku za mumewe, zilizokuwa zake kweli akazitumia kuficha unga, sasa zilikuwa zinapakuliwa kwa wageni. Aliwaonea wivu wote mmoja mmoja: bibi arusi, bwana arusi, wazee, watoto wa watu, mpaka na yule aliyekuwa nyuma anaosha sahani na kusimama karibu na Gikunda.