Mstari wa Mzee Kamba

Shule nzima ilimwita Mzee Kamba tangu hata hajawa mzee. Kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa mpira, na alichoringia ni mistari. Alivuta kamba kutoka kona hadi kona, akabeba kopo la chokaa, akatembea moja kwa moja bila kusimama. Mkewe alikuwa mpishi wa shule hiyohiyo. Walijuana siku alipomwomba amshikie ncha ya pili ya kamba, naye, bila haya, akamwambia, "Mstari umepinda. Rudia." Alifagia chokaa yote, akarudia. Hapo ndipo alipompenda, na hajapata kupona.

Miaka ishirini na saba baadaye akajikuta katika chumba cha mazoezi cha hospitali, ameng'ang'ania vyuma viwili, anajaribu kufuata utepe mwekundu uliobandikwa sakafuni. Ugonjwa uitwao multiple sclerosis ulikuwa umeshambulia mishipa yake ya fahamu. Kichwa kiliagiza, miguu ikachelewa kusikia. Mwisho wa muhula angestaafu, na alikuwa amejiapiza kuchora mstari mmoja wa mwisho kwa miguu yake mwenyewe.

"Utepe wenyewe umepinda," alilalamika siku ya kwanza.

Binti wa hospitali aliyemfanyisha mazoezi alipiga magoti, akafumba jicho moja, akautazama. Ulikuwa umepinda kweli. Akaubandua na kubandika mwingine, mzee akimsimamia kama mkaguzi. Tangu hapo wakaelewana katika kila kitu isipokuwa kupumzika.

"Baba, kaa kabla hujachoka," binti alimwambia kila wiki. "Na jua kali ulikimbie, joto linakulegeza."

"Sawa, daktari," alijibu, huku moyoni akiuita huo uvivu.

Jumamosi moja akatoroka nyumbani saa nane mchana na kopo lake. Hatua thelathini tu, miguu ikagoma. Mkewe alimkuta chini, mweupe pe kwa chokaa. Alimcheka kwanza, kisha akaketi kando yake akalia.

"Ningekufuata na kiti," alisema. "Ungeniambia tu."

Siku ya mechi ya kufunga muhula walifika alfajiri, nyasi zikiwa bado na umande. Mke alibeba kiti cha jikoni na kamba, wakaivuta kona hadi kona. Mzee alishika fimbo kushoto, kopo kulia. Hatua ishirini, akakaa. Hatua ishirini, akakaa. Kila akikaa walikumbushana: mvua iliyofuta mistari yote saa moja kabla ya mechi, uji ulioungua kwa sababu mpishi alikuwa uwanjani ameshika kamba. Mzee alimkumbuka yule kijana aliyekuwa yeye zamani, asiyejua kama miguu inaweza kuisha, na akamwonea wivu kidogo.

Walipofika kona ya mwisho jua lilikuwa limechomoza. Mke alishika ncha ya kamba, akainama, akafumba jicho moja.

"Niambie kweli," mzee alisema.

"Umepinda. Pale, na pale, na pale. Kila ulipoinuka kitini."

Mzee alitazama ufagio ulioegemea goli. Kisha akatazama kile kiti cha jikoni, miguu yake minne imejaa chokaa.

"Uache hivyohivyo," alisema. "Hapo ndipo tulipokaa."

Mkewe alianza kukunja kamba taratibu, akimsogelea alipo.