Tabaka Jeupe Shambani kwa Rodah

Mkinisikia nikimsifu Rodah, msiseme ni kwa sababu ni jirani yangu. Mimi Dorcus nauza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Fort Ternan, na mdomo wangu haujui kubembeleza mtu. Namsifu kwa sababu anastahili, basi.

Aliolewa huku kutoka Siongiroi. Amechuma majani chai, amefuga ng'ombe, na wale watafiti wa mifupa ya kale walipokuja mlimani, aliajiriwa kuchekecha udongo. Wengine walienda huko kutafuta mshahara tu. Rodah alienda na macho yake. Tukitembea naye, ananisimamisha penye barabara imekatwa: udongo mwekundu wa juu, tabaka jeupe gumu la majivu ya volkano, halafu tope la kale chini kabisa. Anasema yamelaliana kama chapati kwenye sahani. Watoto wa shule wakimuuliza kuhusu dinosa, anajishika kiuno.

"Wale wa enzi ya Jurasi ni wa zamani zaidi. Miamba ya wakati wao iko Pwani na Mandera. Sisi tuna yetu!"

Mume wake, Kiplimo, alifariki tukamzika hapo shambani. Mwaka uliofuata Rodah akataka shimo la sileji, la kuhifadhi chakula cha ng'ombe, nyuma ya zizi. Vijana wakachimba, na mfupa mkubwa ukajitokeza kwenye ukuta wa shimo, chini ya lile tabaka jeupe. Habari zikamfikia Mathew, binamu ya marehemu, ambaye siku nyingi alikuwa akilimezea mate shamba hilo.

"Huo ni mguu wa babu yangu," Mathew akatangaza. "Alizikwa hapa. Kwa hivyo shamba ni letu."

Wee! Huku kwetu mtu huzikwa kwake, na kaburi la zamani zaidi linashinda maneno mengi. Chifu akaitisha kikao palepale kando ya shimo, na wazee wakaanza kutikisa vichwa kumkubali Mathew. Damu ilinichemka. Haki ya Mungu, nilitaka kummwagia beseni la omena kichwani.

Rodah hakupandisha sauti.

"Shemeji, siku tulipomzika Kiplimo, nani alishika mtaimbo?"

"Ni mimi," Mathew akasema.

"Kwa nini mtaimbo, si jembe?"

"Hilo tabaka jeupe lilikataa jembe. Tulilivunja kwa nguvu mpaka nikatoka malengelenge."

"Na mliporudisha udongo?"

"Ulikuwa umechanganyika, mwekundu na mweupe."

"Haya. Shuka shimoni uniambie, juu ya mfupa huu tabaka limevunjwa wapi."

Mathew akashuka. Akapitisha kidole kwenye ule mstari mweupe, kutoka kona hadi kona, akarudi nao tena polepole. 

"Ni zima," akanong'ona.

"Sema wazee wasikie, shemeji."

"Ni zima! Hakuna mtu amewahi kuchimba hapa. Si kaburi."

Nilipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka. Yaani nilijivunia huyo mwanamke kama vile nimemzaa mimi!

"Sasa huo mfupa ni wa nani?" chifu akauliza.

"Ni wa mnyama aliyekufa kabla majivu hayajaanguka, kabla ya Wakipsigis na kabla ya hawa watu wa ziwani, akina Dorcus," Rodah akasema. "Watu wa makumbusho nimeshawapigia simu. Mwenyewe akija na kwato zake kudai shamba, nitampa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, anywe tuzungumze."

Wazee walicheka, chifu akafunga kikao. Lakini Mathew alikuwa bado shimoni, ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemkumbuka. Rodah akapiga goti ukingoni, akamnyooshea mkono, akamvuta juu.

"Kiplimo ulimchimbia vizuri, shemeji," akamwambia. "Hilo sijasahau."

Mathew akapangusa mikono kwenye suruali, akapangusa tena, na hakuweza kumtazama usoni.