Sauti ya Mwalimu Klaudia

Mwalimu Klaudia alikuwa na watoto mia moja arobaini na watatu wa darasa la kwanza katika chumba kimoja, wengi wao wametoka nyumbani wanajua Kihaya tu. Vitabu havikutosha, na wa nyuma hawakuona ubao, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa aliwafundisha kwa sauti yake. Aliipenda kazi hiyo mno, na ukweli usemwe, ndiyo maana walimtwisha yote. Kila alipoomba msaidizi, mwalimu mkuu Rwekaza alitabasamu tu.

"Ualimu ni wito, Mwalimu."

Mwaka huu sauti ikakatika. Daktari wa Bukoba alimwambia anyamaze wiki tatu. Akiendelea kuipaza, haitarudi tena. Klaudia alilia njia nzima hadi kijijini kwake Kanazi. Kesho yake akaingia darasani na chaki, akafundisha kwa mikono.

Balaa likamkuta njiani. Kwa Wahaya unaweza kusamehewa mengi, lakini si kumpita mtu bila kuitikia salamu. Watu walimsalimu, yeye akainamisha kichwa, akapita. Haikuchukua wiki, Kanazi nzima ikawa inasema Mwalimu siku hizi anaringa. Kwenye kikao cha wazazi darasani mwa Klaudia, mzee Bartholomayo, mwenye wajukuu watatu humo, akasimama.

"Mwalimu wetu, waitu, tumekukosea nini? Hata salamu ya 'wasibota' huitikii?"

Klaudia akainuka, akaandika ubaoni: *Sijawadharau. Sina sauti. Imeishia humu darasani.*

Bartholomayo alivua kofia, akaenda kumshika mikono yote miwili. Rwekaza akaingilia haraka.

"Mnaona wenyewe! Huyu ana wito kwelikweli. Tumpigie makofi!"

Wakapiga. Klaudia akangoja yaishe, akafuta ubao taratibu, akaandika upya: *Wito ni wangu. Watoto ni wa shule. Kesho nitafundisha sabini.*

Rwekaza, ambaye hakuwa amefundisha darasa la kwanza tangu apewe ofisi, aliwatazama wazazi. Wazazi nao wakamtazama yeye.

Asubuhi mwalimu mkuu aliondoka na watoto sabini na watatu waliobaki kwenda ukumbi wa kigango, kanisa dogo la jirani. Klaudia akaonyesha irabu ubaoni, sabini wake wakazisoma kwa kunong'ona, na kwa mara ya kwanza aliweza kumfikia kila mtoto, akamshika mkono na kumwongoza kuandika. Moyo wake ulijaa furaha.

Saa sita Rwekaza akatokea mlangoni, shati limelowa jasho. Alifungua kinywa, ikatoka mikwaruzo mitupu. Klaudia akamvutia kiti, akammiminia maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa yake. Akayanywa yote.

"Umewezaje," alinong'ona, "miaka yote hii?"

Klaudia alimsogezea karatasi na kalamu, aandike barua ya kuomba mwalimu wa pili.