Mzinga kwenye Shuka Jeupe

Katika miaka ile ya hamsini, mtu wa kwetu akisemwa kwamba amesoma, maana yake anaweza kufuata mstari wa Biblia kwa kidole na kuandika jina lake. Mimi nilirudi na diploma ya kilimo. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu hakuna aliyenipa. Karo yangu ya mwanzo niliipata kwa kuvuta kamba ya kivuko cha Garsen, kitabu nikikifungia kwenye shuka kiunoni, na wale waliokuwa wakivuka huku wakinicheka ndio baadaye walioniita Bwana Diploma. Walidhani wananikejeli. Mimi jina nililipenda.

Kitu kimoja tu ambacho diploma haikuweza kunipa ni mke. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, nikalelewa na kaka yake, baba mkubwa, na kwetu posa isiyopelekwa na mlezi wako si posa. Msichana niliyemtaka alikuwa binti wa mrina asali mmoja wa kijijini kwetu, mtu ambaye zamani alikuwa ametundika mizinga mingi kuliko yeyote katika miti ya ng'ambo ya mto. Na huyo ndiye mtu mmoja duniani ambaye baba mkubwa hakutaka hata kivuli chake kimguse.

Kisa chao kilijulikana na kila mtu. Kabla ya vita vya Wazungu na Wajapani, mwana wa baba mkubwa, ambaye kwangu ni kaka, alipanda mti usiokuwa wake akafungua mzinga wa mrina na kula asali. Mwenyewe alipojua alisimama njiani mchana mbele ya watu akasema, "Mzinga ulioufungua ndio utakaokuua." Kwetu mwenye mzinga akishatamka neno kama hilo, hana tena uwezo wa kulirudisha. Punde kaka aliandikishwa jeshini akapelekwa Burma, na hakurudi. Vita vilipokwisha, askari mmoja wa kijiji cha Wenje aliyekuwa naye kikosi kimoja alipita kwetu, akamwambia baba mkubwa jinsi mwanawe alivyokufa. Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi likizo niliambiwa kile ambacho kijiji kizima kiliambiwa: kaka aliuawa na nyuki katika msitu wa Burma.

Tangu siku hiyo baba mkubwa hakulamba asali. Meza ya Bwana pia aliacha kuikaribia, kwa kuwa mchungaji alimtaka kwanza asamehe, naye hakuweza. Na yule mrina, badala ya kujitetea, aliteremsha mizinga yake yote akaiacha ioze nyuma ya nyumba. Watu wakasema, mnaona, mwenyewe anajua alichofanya.

Nilipomtajia baba mkubwa habari ya posa, hakupandisha sauti. "Mwanangu," alisema, "unataka nikakae mkekani pa mtu aliyemwua kaka yako, nimwombe mtoto? Nenda ukajiposee na hiyo diploma."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa, siku gari la sinema la serikali lilipofika Garsen.

Lilitandaza shuka jeupe kati ya nguzo mbili, na watu wakaja kutoka vijiji vya juu na vya chini, hata kutoka Ngao. Kwanza tungeonyeshwa picha ya kupanda pamba, kisha picha ya vita, na ndiyo iliyowaleta watu. Mkalimani wa gari alikuwa amebaki Kipini na homa. Picha ilisema Kiingereza. Mwenye gari akauliza kama pana mtu anayekijua vizuri, na sikungoja aulize tena. Nilipandisha soksi zangu ndefu, nikashika kipaza sauti.

Nitasema ukweli, niliifanya kazi ile vizuri kuliko ambavyo mkalimani wao angeifanya. Chuoni nilikuwa nimesoma kila gazeti la vita lililokuwa maktabani, na silaha nilizijua kwa sura. Askari walipotokea niliwaambia watu ile ni bunduki ya kuvuta komeo, kila risasi uvute upya. Nikawaonyesha bunduki ya rashasha iliyowekwa juu ya miguu miwili kama panzi, na kwamba inataka watu wawili, mmoja kupiga na mmoja kulisha risasi. Nikaeleza kofia za chuma, masanduku ya baruti, simu ya kubebwa mgongoni. Afisa mmoja wa kwenye picha alifyatua bastola mara nyingi hata nikawaambia watu kwamba huo sasa ni uongo, bastola ya aina ile ingekuwa imekwisha risasi zamani. Walicheka, na mwenye gari aligeuka kunitazama kwa heshima.

Kikaja kifaru cha chuma kikiangusha migomba.

"Hicho ni kifaru," nikasema.

"Bwana Diploma," mtu akaita kutoka gizani, "sisi vifaru tunawajua. Mbona pembe ya huyo imetoka kichwani kama mkonga?"

"Huyu wa Wazungu."

"Anakula nini?"

"Anakunywa mafuta."

"Basi mkaribishe kwenu, mama zetu hawana hata ya kupikia."

Nikacheka nao. Baba mkubwa alikuwa ameketi mbele, upande wa kulia, na nilimwona anatabasamu kwa ajili yangu. Mrina alikuwa upande wa kushoto kabisa, kama ilivyokuwa desturi yao kila penye mkutano.

Kisha shuka likajaa bomba moja refu la chuma juu ya magurudumu, na watu wanaoziba masikio. Moto ukatoka mdomoni. Ng'ambo, kwenye ukingo wa mto, palikuwa na askari wanakimbia, na mara pakawa na udongo tu, umesimama hewani kama mti. Ulipoanguka hapakuwa na mtu. Hakuna aliyecheka. Mwanamke karibu nami alijifunika uso kwa leso.

"Huo ni mzinga," nikasema kwenye kipaza sauti. "Mzinga ndiyo silaha inayoua watu wengi kuliko zote."

Baba mkubwa akasimama.

"Umesema nini hicho?"

Nilidhani hakusikia kwa ngurumo. "Mzinga, Baba."

"Rudia."

"Mzinga. Ndilo jina lake kwa Kiswahili."

Alikuwa bado amesimama, na waliokuwa nyuma yake hawakumwambia akae. Akasema polepole, wala si kwangu hasa, "Yule mtu wa Wenje aliniambia, mzinga umemwua mwanao. Mzinga. Nami mzinga naujua."

Kipaza sauti kilikuwa wazi mkononi mwangu, na maneno yake yakaenda mpaka mtoni. Mtu wa Kipini angeelewa palepale, maana mji wao ni wa bandari na neno hilo wanalo kwa maana zote mbili. Yule askari wa Wenje alikuwa amejifunza Kiswahili cha jeshi, na mzinga wake ulikuwa wa moto. Baba mkubwa alikuwa na mzinga mmoja tu kichwani, ule wa gogo lililotobolewa, wenye nyuki ndani, pamoja na laana juu yake. Nyuki aliwatia yeye mwenyewe katika habari ile, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwatoa.

"Mtu aliye karibu nao," akaniuliza, "anabaki nini?"

Nilikuwa nimejibu maswali yote jioni ile. Nikazima kipaza sauti kwanza.

"Hakibaki kitu cha kuzika, Baba."

"Miaka yote hii," akasema, "nimemlilia mtu mwenye mwili mzima."

Picha ilikuwa inaendelea bila mkalimani. Baba mkubwa akaanza kutembea kwenda upande wa kushoto, akapita mbele ya taa ya mashine, na kivuli chake kikajaa shuka zima, mzinga ukimpiga moto kifuani na yeye anaendelea kutembea. Watu wakajikunja kumpisha. Alipofika kwa mrina akakuta mzee yule ameketi na mikono yote miwili mdomoni, kama anayezuia kitu kisitoke.

"Si wewe," baba mkubwa akasema.

"Nilijua ni mimi," mrina akajibu. "Kila siku nilijua ni mimi."

Baba mkubwa akaketi chini pale pale karibu naye. Hawakushikana mikono. Waliitazama picha hadi mwisho, na hakuna aliyeniomba nitafsiri.

Asubuhi nilimkuta baba mkubwa amevaa kanzu yake ya kanisani. Akaniambia niende kwa mrina nimwambie kwamba yeye anakuja kwa habari ya binti, na kwamba mrina atafute gogo jipya la mzinga, maana posa kwetu huenda na asali, na asali ya mtu mwingine yeye hataila.

"Lakini nina sharti," akasema. "Kile cha jana kisiitwe mzinga tena nyumbani kwangu. Mzinga ni wa nyuki. Wewe uliyesoma, kitafutie jina."

Nilimpa majina. Nilimpa la Kiingereza, nikampa la Kiarabu nililoliuliza Kipini, nikamtungia la Kipokomo kutokana na ngurumo. Kila moja alilisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. Harusi ilifanyika, watoto wakazaliwa, na hadi anakufa aliendelea kuniuliza, mbele ya wageni wangu wenye tai, kama Bwana Diploma bado hajakipatia kile kitu jina lake.