Digrii Mbili za Mshika Nyota

Fundi Vibao hatetemeki mkono. Miaka ishirini sasa anachonga majina ya madaktari, mawakili na washindi wa mbio za magunia kwenye vibao vya shaba, na hajawahi kukosea hata herufi. Leo, mbele ya bibi mmoja mwenye mkoba, jasho linamtoka utadhani yuko kwenye mtihani.

Bibi huyo alimfundisha jiografia darasa la sita. Ametoa mkobani sahani ya shaba yenye alama za digrii ukingoni na mshale unaozunguka katikati.

"Unaikumbuka?"

"Naikumbuka, Mwalimu." Angeisahau vipi!

"Naiachia shule. Nichongee kibao: Asturlabu, chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota. Jina limetoka kwa Wagiriki, maana yake mshika nyota."

Mshika nyota! Jina hilohilo ndilo lililomponza. Siku alipolisikia darasani, yeye na akili zake za miaka kumi na miwili aliamini kabisa kwamba nyota zimo mle ndani. Wakati wa mapumziko akanyatia ofisini, akabandua mshale kwa kijiko ili achungulie. Nyota, ng'o! Mshale ukapinda. Akaunyoosha kwa meno, jamani, kwa meno! Akaurudisha, akanyamaza mpaka leo.

Na Mwalimu huyuhuyu ndiye aliyempeleka kujifunza kazi hii, akamwambia fundi mkuu, "Mchukue, mtoto huyu ni mwaminifu." Akisema ukweli leo, sifa hiyo kwisha.

Alichonga kibao chote bila kuinua kichwa. Alipomaliza, yakamtoka.

"Mwalimu, mshale ule niliupinda mimi. Nisamehe."

Mwalimu akavaa miwani, akakikagua kibao.

"Ongeza mstari chini. Andika: Toa digrii mbili."

Fundi akainua kichwa. "Ulijua?"

"Miaka yote natoa mbili kwenye kila kipimo. Alama za meno zina pengo katikati, na mwenye pengo darasani ulikuwa wewe peke yako."

"Sasa mbona ulisema mimi mwaminifu?"

"Nilitangulia kusema tu, mwanangu. Nilijua utafika."

Fundi akainama, akachonga. Neno "mbili" likaenda upande, maana machozi nayo yana wakati wake. Akataka kukibadilisha kibao.

"Thubutu!" akasema Mwalimu, akakitia mkobani.