Likizo Niliyofika Nyumbani Mara Mbili

Baba alikufa wakati wa masika, mimi nikiwa shuleni Bukoba. Mwalimu mkuu aliniita barazani kwake akanipa habari hiyo kwa Kiingereza, kisha akairudia kwa Kiswahili, labda kwa sababu uso wangu haukubadilika. Daraja la upande wa Muleba, kwenye njia ya kwetu, lilikuwa limechukuliwa na maji, na baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Nikarudi darasani. Tulikuwa tunasoma habari za malkia wa Waingereza aliyefiwa na mumewe akavaa nguo nyeusi hadi kufa kwake. Niliyanakili maelezo yote yaliyokuwa ubaoni, pamoja na nukta zake.

Sikulia siku ile, wala wiki zilizofuata. Nilikula, nilifua, nilipata alama nzuri. Sauti za watu zilinifikia kama za watu wanaoongea ng'ambo ya bonde.

Shule ilipofungwa, mwalimu wetu wa Kiswahili na historia, mtu wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani, alitupa kazi mbili za likizo. Ya kwanza ilikuwa kukariri beti za utenzi wa zamani. Ya pili ilikuwa kumwuliza mtu mzima wa nyumbani jambo moja la enzi za wafalme, tukaliandike kwa maneno yetu. Kuhusu tenzi alikuwa ametufundisha mambo niliyoyapenda: kila mstari una mizani nane, na mstari wa mwisho wa kila ubeti huishia kwa kina kilekile tangu mwanzo hadi tamati, hata beti zikiwa mamia. Tena watunzi wengi wa kale hawakuanza kusimulia kabla ya kuagiza waletewe wino na karatasi. Nikiwa juu ya lori, kutoka Bukoba hadi kwetu Izigo, nilihesabu mizani kwa vidole. Vidole vilifanya kazi vizuri. Kulikuwa na mvua nyepesi, nami nilisahau kujifunika.

Lori likanishusha barabarani. Nikajitwika sanduku, nikashika njia ya kibanja chetu, yaani shamba la migomba na mibuni lenye nyumba katikati yake. Nilipofika mlangoni nilipiga magoti, nikasalimu kama nilivyosalimu likizo nyingine zote.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu, anayekuja kwa mara ya kwanza kwenye nyumba yenye msiba huanza kulia kule njiani, migomba inapoanzia. Waliomo ndani wakimsikia huitikia kwa kilio. Kisha humketisha kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, wakamsimulia jinsi marehemu alivyoanza kuugua mpaka alivyokata roho. Hata jirani aliyegombana na marehemu hulia. Mimi, mtoto wake, nilikuja kimya na sanduku kichwani.

Mama, ganda kavu la mgomba likiwa bado kiunoni mwake kwa ajili ya msiba, alinitazama tu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa na la kusema.

"Huyu anatoka wapi? Sokoni?"

"Shuleni, waitu," nikajibu kwa heshima.

"Nshomile!" akasema. Ndivyo kwetu wanavyotaniwa waliosoma wakajiona. "Vitabu vimemnywa machozi yote."

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walicheka kidogo, wakaacha. Nilikwenda kuweka sanduku.

Baba hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo kibanja kilikuwa kimeshikwa na mdogo wake, na mambo yangu yalikuwa mikononi mwake. Baba mdogo hakuwa mtu mkali. Nilimfuata alipokuwa akianika kahawa kwenye mikeka, nikamwuliza kama nitarudi shule itakapofunguliwa. Lilikuwa ndilo jambo pekee nililolitaka, au nililokumbuka kwamba nalitaka.

"Nani anarudi?" akauliza.

"Mimi, baba mdogo."

"Wewe hujafika bado. Nitamsindikizaje mtu ambaye hajafika?"

Nilidhani ananitania. Lakini hakuinua macho, na mkono wake uliendelea kuzitawanya buni. Siku zilipita. Nilichota maji, nikakariri beti zangu. Hakuna aliyenieleza baba alikufaje. Nikimwuliza mama, alimtazama shangazi, kisha akanituma kuni.

Ilibaki kazi ya pili. Mwenye habari za wafalme pale nyumbani alikuwa shangazi, na muda wa kwenda kumtafuta mwingine ulikuwa unakwisha. Nikaketi karibu naye, nikachukua kisu, tukamenya pamoja.

"Mwalimu ametutuma tuulize habari za wafalme."

"Nyinyi huko mnasoma wafalme gani?"

"Wa Waingereza. Malkia wao alifiwa na mume, akavaa nguo nyeusi mpaka naye alipokufa."

Shangazi alisimamisha kisu. Niliona habari imempendeza. "Alilia?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi aliyekiandika hakufika msibani."

Mama alicheka, akajifunika mdomo. Shangazi akaendelea kumenya, na kwa kuwa sasa tulikuwa kwenye mada yake, alinipa kazi yangu ya likizo. Zamani mfalme akifa haikutamkwa kwamba amekufa. Ngoma zilinyamaza, majembe yakalazwa, na watu wa vijiji vyote wakaitwa kwenda kulia kikale, kwenye makao ya mfalme. Palikuwa na watu waliowekwa kuwaangalia waliaji usoni. Bibi yake shangazi alikwenda akiwa msichana.

"Mfalme mwenyewe hakuwahi kumwona," alisema shangazi. "Alijua tu kwamba ndizi zao zilikuwa zikipelekwa kwake. Macho makavu kabisa! Akatafuna pilipili njiani. Akalia, wakamsifu mbele za watu."

"Kwa hiyo alidanganya?"

"Alimdanganya nani, bojo?" akauliza kwa upole. " Mfalme alikuwa hasikii. Walikuwa wanasikia wenye msiba."

Nilimenya ndizi nzima kabla ya kuuliza. "Nikirudi barabarani sasa hivi, nikaingia upya?"

"Ukaingie na sanduku lako," akasema bila kunitazama. "Anayefika huja na mzigo."

Nilikwenda. Sanduku lilikuwa tupu, likinigonga kisogoni. Barabarani nilisimama mpaka mwenye baiskeli akapita, kisha nikageuka. Pale migomba inapoanzia nilifungua mdomo nikamwita baba, "Tata! Tata we!" Ilitoka sauti nene nisiyoijua. Nilikuwa nikiisikia kama ya mtu mwingine aliye mbele yangu, nami nikimfuata. Ndani yangu hapakuwa na kitu. Nilisubiri kitu kije, hakikuja, nikaendelea kuita. Nyumbani wakaitikia. Majirani wa kibanja cha chini walikuja mbio, mmoja na jembe mkononi, wakidhani amekufa mwingine.

"Ni mtoto amefika," shangazi akawaambia.

Wakalia nao, kisha wakapewa kahawa ya kutafuna. Mimi niliketishwa kwenye nyasi. Wakaanza kunisimulia, mama akianza, shangazi akisahihisha. Baba alikuwa anaanika kahawa. Alisema mgongo unauma, akaona baridi juani. Waliwasha moto. Alilala siku chache tu. Asubuhi ya mwisho aliomba maji, akanywa kidogo, akasema yana moshi.

Niliuliza alilala upande gani. Mama akanionyesha, karibu na mlango. Niliweka mkono pale. Nyasi zilikuwa mpya, zilikwisha kubadilishwa.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda muda wote huo, amejiinamia. Wasimulizi waliponyamaza alikohoa.

"Shule inafunguliwa lini?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua.

Nikamwambia. Akasema siku hiyo atalibeba sanduku yeye mwenyewe hadi kwenye lori. Nikamshukuru kwa magoti, nikaenda kumalizia ndizi.