Tangi Lililomrudisha Mama Isinya

Walisema sitaweza kujenga tangi la maji. Aliyeongoza ni baba mdogo wangu, ameegemea lango la boma letu pale Isinya. Alisema udongo mweusi wa kwetu huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na hakuna tangi lililowahi kudumu ndani yake. Alisema wanaotoka Ghuba hurudi na miwani ya jua na simu kubwa, basi. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Aliniita Diploma.

Nilikuwa nayo, na sioni haya kuitaja. Mchana nilifunga mabomba ya maghorofa kule Qatar, jioni nikasoma, mpaka nikapata diploma ya uhandisi wa maji, wa kwanza katika ukoo wetu. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini sikurudi kuwaonyesha watu karatasi. Nilirudi kwa sababu wazazi wangu walikuwa wametenganishwa na maji.

Mama alianguka akitoka bwawani na mtungi mgongoni, akaumia nyonga. Daktari akamkataza kubeba maji. Dada yangu anaishi Embulbul, ambako bomba liko jikoni. Alimchukua mama na kutangaza kwamba hatamwachilia mpaka kwetu kuwe na bomba kama lake, maana alijua mama akiwa nyumbani angechota tu. Baba naye hakuweza kuacha ng'ombe. Basi wazee hao, baba Mmaasai na mama Mkikuyu ambaye ndugu zake waliapa hatamaliza mwaka bomani, na ambaye sasa ana wajukuu wakubwa, wakawa wanaonana kwa simu.

Asubuhi yangu ya kwanza nyumbani nilimkuta baba zizini amejifunga leso ya mama yenye maua mekundu, amechuchumaa kando ya ng'ombe. Kwetu mwanamume hakami. Mama ndiye aliyekama, na baba alishika ndama pembeni akimsimulia habari za mnadani, nani ameuza, nani amedanganywa. Hivyo ndivyo walivyozungumza kila asubuhi ya ndoa yao, ng'ombe akiwa katikati. Mama alipoondoka, ng'ombe alimzuilia maziwa kila aliyejaribu, mpaka baba alipojifunga ile leso.

"Usicheke," aliniambia bila kugeuka. "Huyu anataka harufu ya mama yako. Na leso imeanza kuisha harufu."

Sikucheka. Siku hiyo hiyo nilishika sururu.

Nilijua jambo ambalo waliojenga kabla yangu hawakulijua, au walilijua wakaona uvivu. Udongo mweusi huwezi kuuamini. Unauondoa wote mpaka ufike kwenye mwamba, unajenga juu ya mwamba, kisha unazungushia kuta changarawe ili udongo ukivimba usizifinye. Nilichimba na vibarua wawili mpaka mikono yangu ikakumbuka ujana wake. Kuta zilisimama zimenyooka, na nasema hivyo kama mtu anayejua kuta.

Tatizo likawa kwamba zege jipya lazima linyweshwe kila siku, la sivyo linapasuka. Kulikuwa kiangazi. Bwawa lilikuwa tope, na malori ya maji yalikuwa yanaishia Kitengela kwa wenye nyumba za kupangisha. Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini: mtu anaomba maji ili ajenge pa kuwekea maji!

Nikaomba. Nilizunguka kwa majirani, na kila mmoja alinikopesha alichoweza. Mama mmoja mjane, mfugaji, alinipa hata maji ya ndama wake. Mwishowe baba mdogo mwenyewe akaja na punda wake amebeba mitungi, bila kuombwa.

"Diploma," alisema, "sitaki useme ulishindwa juu ya maji. Ukishindwa, ushindwe wewe mwenyewe."

Wakati huo leso ilikuwa imeisha harufu kabisa, na wazee wakahamia kwenye simu. Baba aliichomeka kiunoni ikiwa na sauti ya juu, na mama, akiwa Embulbul, akaongea huku ng'ombe akisikiliza. Dada yangu alilalamika kwamba mama anaamka kabla ya jogoo ili ampigie ng'ombe simu. Ng'ombe alitoa maziwa, lakini machache, na kila asubuhi baba aliniuliza zege limefika wapi.

Mvua ilipokuja, ilikuja kwa nguvu. Maji yalishuka kutoka paani hadi tangini, nami nikachora alama ukutani pale yalipofikia. Mvua ikapumzika. Kesho yake maji yalikuwa palepale kwenye alama. Nilikaa kwenye mdomo wa tangi nikiitazama ile alama. Baba alichungulia, akaweka mkono kichwani mwangu kama nilipokuwa mtoto, akaenda kumpigia dada simu.

Mama alishuka kwenye gari polepole. Baba alikuwa amevaa shuka lake jipya.

"Takwenya," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," mama akajibu, kwa lafudhi yake ya Kikuyu ambayo haijawahi kumtoka.

Alifungua bomba la jikoni, nililokuwa nimeliunganisha na tangi kwa pampu, akayatazama maji, akalifunga. Kisha akaniuliza kama maji ya watu yamerudi. Nikamwambia bado. Akasema hatapika chochote mpaka yarudi.

Tulipakia mitungi kwenye pikapu, mama mbele nami, baba nyuma na mizigo, na tukazunguka nyumba kwa nyumba. Njia nzima walibishana kupitia dirisha lililo wazi kuhusu nani alitoa mitungi mingi. Baba mdogo alionja maji yake, akaniita kwa jina langu, akayabeba ndani.

Mjane tulimfikia mwisho. Alikataa, akasema maji si kitu cha kurudishwa.

"Ukikataa," mama alimwambia, "siku nyingine nitakuja kuomba na uso gani?"

Kabla mjane hajajibu, baba alikuwa ameshamimina yote kwenye pipa, na sikuwa tena na deni la mtu.